Saa Sitini Ambazo Sikupewa

Alhamisi, tarehe 12 Septemba 2024, saa nne asubuhi, niliwekewa mbele yangu orodha ya masomo ambayo sikuyasoma, nikaombwa niithibitishe kwa sahihi yangu. Naandika hasira ikiwa bado ya moto, kwa sababu nimekwisha kuona kwamba ikianza kupoa tu, watu huniambia halikuwa jambo kubwa.

Jina langu ni Janine Holdsworth. Nina umri wa miaka arobaini na mitatu, nina watoto wawili, na kwa miaka kumi na minne nimeunganisha pampu za maji katika kiwanda kimoja hapa mjini Keighley. Nilijifunza kusoma ipasavyo nikiwa nimetimiza miaka thelathini, katika madarasa ya watu wazima yaliyofanyika kila Jumanne kwenye chumba cha juu cha maktaba. Kabla ya hapo nilikuwa natia sahihi chochote nilichopewa. Mama yangu alipofariki, bwana mmoja wa ofisi ya nyumba za serikali aliniletea karatasi akisema ni utaratibu tu. Niliandika jina langu. Baada ya wiki nne nilitolewa katika nyumba niliyozaliwa, kwani karatasi ile ilisema kwamba naiachia kwa hiari yangu.

Kiwanda kilipotangaza nafasi ya uanagenzi wa shahada, nililisoma tangazo mara tatu, neno kwa neno. Mwanagenzi anaendelea na kazi yake na papo hapo anasomea shahada ya uhandisi chuo kikuu. Mwajiri analazimika kumpa muda wa masomo ndani ya saa za kazi, na kwetu muda huo ni saa sita kila Alhamisi. Saa zinaandikwa katika daftari la kwenye kompyuta. Kila baada ya wiki kumi na mbili hukaa watu watatu, yaani mwanagenzi, meneja wake na mwalimu mlezi kutoka chuoni, wakalipitia daftari na kulitilia sahihi. Saa zisipotimia, hakuna tathmini ya mwisho, na bila tathmini hiyo hakuna shahada.

Nilikuwa katika mwaka wa mwisho wa masomo, na tathmini yangu ilipangwa kufanyika Desemba. Nilitakiwa kuifikia nikiwa na mradi uliokamilika, na mradi wangu ulikuwa kutafuta sababu ya sili za pampu zetu kubwa, zile pete za kuzuia maji, kuvuja mapema. Kazi hiyo haifanyiki jikoni nyumbani. Inahitaji meza ya majaribio, na meza hiyo niliahidiwa siku za Alhamisi.

Meneja wangu anaitwa Craig Ackroyd. Karibu kila Alhamisi alinisubiri penye vikabati vya nguo, kikombe cha chai mkononi, na uso wa mtu aliyefiwa.

"Janine, kipenzi, niokoe leo tu. Darren kapiga simu, haji kazini, mgongo tena."

"Leo Alhamisi, Craig."

"Najua ni Alhamisi. Sasa nenda kaziambie pampu."

Nami nilivaa glavu nikaenda. Maureen Feather, ambaye amesimama kushoto kwangu miaka yote hiyo, hakuiacha nafasi hiyo ipite.

"Haya, jamani, Profesa karudishwa shambani! Nipitishie hiyo spana, Profesa, au mpaka uiandikie insha?"

Nilicheka pamoja nao. Kucheka kwangu ndiko kunakoniudhi leo kuliko maneno yao. Katika Alhamisi kumi na mbili za kiangazi kile, nilipewa mbili tu.

Siku moja kabla ya kikao, Craig aliniita ofisini kwake. Daftari lilikuwa wazi kwenye kompyuta, na limejaa. Kila Alhamisi ilikuwa na saa sita, na mbele ya kila tarehe palikuwa na maneno yale yale: mafunzo kwa vitendo katika uunganishaji.

"Nimekurahisishia," alisema. "Saa sabini na mbili. Kamili."

"Craig, mimi sikusoma. Nilikuwa nafanya kazi."

"Si ndiyo vitendo hivyo? Ulikuwa pale, unajifunza."

"Baada ya miaka kumi na minne nijifunze nini pale? Kushika spana?"

Aliufunga mlango. "Sikiliza, dada. Ukisaini kesho, saa zimetimia, Desemba unafanya tathmini yako, wote tunafurahi. Usiposaini, huna saa. Na wale wa juu wataanza kuniuliza kama tulimchagua mtu sahihi. Unanielewa?"

Nilimwomba anichapishie nakala. Alicheka kwa mshangao wa kweli. "Unaenda kuyasoma haya? Hata mimi sijayasoma!"

Wakati wa chai niliitandaza karatasi ile kantini, kati ya vikombe. Maureen aliinama juu yake huku akitafuna mkate wake wa soseji.

"Ngoja kwanza. Tarehe ishirini na tano Julai? Na hii ya kwanza Agosti?"

"Zina nini?"

"Si tulikuwa tumefungwa! Mimi nilikuwa ufukweni Benidorm, nimeungua kama hii soseji. Ulijifunzia wapi, mpenzi, getini?"

Viwanda vyetu hufungwa majuma mawili kila mwisho wa Julai, kama vilivyofungwa vile vya nguo walimofanya kazi bibi zetu. Kufuli hutiwa, na hata mlinzi huenda zake. Mimi nilikuwa Bridlington, pwani ya huku kwetu, na wanangu, tumejikunyata chini ya mvua. Craig alikuwa kisiwani Tenerife, akiota jua. Alikuwa ameandika mstari mmoja tu, kisha akaunakili kwa kuuburuta mpaka chini ya ukurasa bila kutazama ulipita juu ya siku zipi. Miezi mitatu ya maisha yangu haikustahili hata dakika moja ya macho yake.

Maureen alifuta midomo, akanishika mkono, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Saini tu, Janine. Chukua cheti, ukatafute pengine. Unafikiri kuna mtu atakushukuru?"

Nilikiri moyoni kwamba alisema kweli. Nilikitaka kile cheti.

Asubuhi ya kikao, mwalimu mlezi, Bi Farzana Mirza, alifika na tabasamu na kompyuta yake. Ni mwanamke mpole, ana wanagenzi hamsini wa kuwatembelea. Craig alimsogezea biskuti.

"Huyu ndiye nyota wetu," alisema akinionyesha kwa kidole. "Hakosi, halalamiki."

"Vizuri sana," alisema Bi Farzana. "Janine, masomo yako yanaendelea sawa? Muda unaupata?"

Aliniuliza hivyo Desemba, Machi na Juni, na mara zote tatu nilijibu kwamba kila kitu ni sawa.

"Ningependa kulisoma daftari kwa sauti," nilisema.

"Lote?" Craig aliitazama saa yake. "Nina kikao kingine saa tano."

Nilisoma. "Tarehe ishirini Juni, saa sita, mafunzo kwa vitendo. Siku hiyo niliunganisha pampu thelathini na moja. Tarehe ishirini na saba Juni, saa sita. Pampu ishirini na tisa, na Darren hakuwepo." Nilipofika kwenye ishirini na tano Julai, nilimgeukia. "Craig, siku hii ulinifundisha nini?"

"Nitakumbukaje kila tarehe, Janine?"

"Geti lilikuwa na kufuli. Wewe ulikuwa Tenerife. Uliporudi ulituletea chokoleti zimeyeyuka."

Bi Farzana aliacha kuandika. "Bwana Ackroyd?"

"Ah, hilo ni kosa la kunakili tu."

"Sawa," nilisema, "na zile nyingine ulinakili kutoka wapi?"

Bi Farzana aliisogeza kompyuta yake pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni lazima uelewe, Janine. Nikizifuta saa hizi, Desemba haipo tena. Labda Juni mwakani. Laiti ungeniambia mapema! Mwezi Machi nilikuuliza, ukasema ni sawa."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira ambayo mpaka leo haijashuka.

"Uliniuliza yeye akiwa amekaa hapa! Anayenipangia kazi, anayeidhinisha likizo yangu, kiwiko chake kinagusa changu! Ungeuliza hivyo mtu yeyote duniani, angekujibu nini?"

Alinitazama, akayashusha macho. Sikumwonea huruma, na hata sasa simwonei. Craig alidanganya, lakini uwongo wake ulikaa mwaka mzima mezani, na kila baada ya wiki kumi na mbili mtu alikuja kuunywea chai.

Nilitia sahihi mistari miwili iliyokuwa ya kweli. Kumi niliiacha wazi, na Bi Farzana aliifuta mbele yangu, mmoja mmoja. Ndivyo nilivyoipoteza Desemba.

Craig bado ni meneja. Alipewa barua ya onyo, nami nikapewa meza ya majaribio kila Alhamisi, kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa nane mchana. Alhamisi iliyofuata alikuja akisema Darren ni mgonjwa. Nikamwambia hapana, akasimama pale kana kwamba nimemtukana. Mwaka huu kiwanda hakikuchukua mwanagenzi mwingine, na wapo wanaosema ni kwa sababu yangu, wanasema nikiwa nasikia. Mradi wangu umeanza miezi tisa baada ya wakati wake, na sili ya kwanza niliyoifungua imeharibika upande ambao hakuna aliyeutarajia.

Wewe uliyesoma mpaka hapa, bila shaka yupo unayemjua aliyeingia katika mpango kama huu: mwanao, dada yako, jirani. Mfikishie maneno haya kabla ya kikao chake kijacho. Muulize yanaendaje, lakini muulize mkiwa wawili tu.