Gauni Lililopanuliwa Mara Tano

Fundi cherehani alikuwa amempanulia bintiye mjamzito gauni mara nne, akijisifu kwa wateja: "Mwanangu kanawiri!"

Mara ya tano, hata mikono ya gauni ilibana.

"Mama, kichwa kinaniuma, macho yanaona vimulimuli."

"Mimba hiyo, mwanangu. Kula, mko wawili."

Asubuhi binti alianguka mlangoni, akikakamaa. Hospitalini, mkunga alipima presha, akapima tena; ilikuwa juu mno.

"Mama, uvimbe huu wa presha hukuuona?"

"Niliupima kwa futi kamba yangu mwenyewe," fundi alisema, akalia.

Mtoto alitolewa kabla ya wakati. Binti alizinduka siku ya tatu.

Tangu hapo, mjamzito akileta gauni la kupanuliwa, fundi hashiki mkasi kabla ya kumuuliza: "Presha umepima lini?"