Bundi Mvuvi wa Mto Luiche

Mume wangu Leodgar alikuwa mwongo wa ndege. Mambo mengine hadanganyi, ni ndege tu. Akiona kipanga porini, tukifika nyumbani Gungu kipanga keshakuwa tai. Ndiyo maana tulipoanza kuzunguka barabara za mashambani na daftari letu nilimwekea sharti: ndege haandikwi mpaka tumwone wote wawili. Alinuna siku mbili, kisha akakubali. Miaka kumi na tisa sharti halikuvunjwa.

Ndege mmoja tu alitushinda: bundi mvuvi, yule mkubwa wa rangi ya tangawizi anayekula samaki. Tulimtafuta mpaka tukachoka. Januari Leodgar akafariki. Mvua za kwanza zilipoanza mwaka huu nikasema potelea mbali, nakwenda peke yangu. Nikimwona nitamwandika, halafu daftari nilifungie kabatini, basi.

Bodaboda ilinishusha Simbo asubuhi. Nikashika njia ya kwenda mtoni Luiche, katikati ya mashamba ya mihogo. Njia ilikuwa kimya mno. Nilihesabu keremkerem kumi na wanne kwenye waya, nikageuka kushoto kumwuliza Leodgar kama na yeye amepata kumi na wanne. Hapakuwa na mtu. Nililia kidogo, nikapangusa uso na kanga, nikaendelea.

Saa tano nikamwona bundi. Amekaa kwenye mti mkubwa ukingoni, ametulia kama mwenye nyumba. Nikatoa daftari, nikashika kalamu, mkono ukagoma. Sharti niliweka mwenyewe. Mwingine aliyemwona ni nani?

Jirani na pale palikuwa na mwanamke wa makamo akipanda mahindi. Tulisalimiana, akasema anaitwa Rahabu. Nikamwomba aje aangalie mara moja tu, niandike kwamba tumemwona wawili. Akageuza uso kabisa. Akanieleza kwamba wao bundi hawamwangalii, maana ukimkodolea macho mchana unakaribisha msiba. Nikamjibu kwamba mimi msiba ninao tayari.

"Pole, mama," akasema, bado amenipa mgongo. "Lakini siangalii. Hata yule mzee wa darubini na kofia ya njano nilimkataza mwaka jana. Hakusikia. Alikuja mara tatu, anamtazama peke yake, anacheka."

Kofia ya njano niliifuma mimi.

Mwaka jana magoti yalinigomea, nikawa mtu wa kukaa barazani. Leodgar alikuwa akitoka Jumamosi, akirudi nikimwuliza amepata nini, anasema hakuna cha maana. Kumbe! Nilimwuliza Rahabu kama huyo mzee alisema lolote.

"Alisema anasubiri magoti ya mkewe yapone," akajibu. "Akija naye, atajifanya ndiyo kwanza anamwona."

Nikakaa chini kwenye matope, na gauni langu la kutokea. Nikaandika: bundi mvuvi, Luiche, tumemwona wawili. Kisha hasira zikanipanda. Angeniambia, ningekwenda hata kwa kutambaa. Nilikuwa na maneno ya kumsema mpaka jua lizame, na njia nzima ya kurudi Simbo nilimsema kwa sauti, hakuna aliyenibishia.