Krismasi ya Mama Pasi

Mama Pasi alikuwa akinyoosha mashuka ya hospitali tangu msimamizi wa sasa akiwa mfagiaji, na miaka yote hiyo hakuwahi kula Krismasi siku ya Krismasi. Wagonjwa hawana sikukuu, aliambiwa. Mama yake mzazi, aliyeishi peke yake upande wa pili wa mji, akazoea kumsubiri. Krismasi kwao ikawa siku yoyote ya Januari ambayo binti angepewa mapumziko. Hapo ndipo bibi huyo alipovaa gauni lake la kijani na kuinjika chungu.

Mwaka huu msimamizi alimwahidi tarehe ishirini na tano yenyewe. Siku moja kabla, akaingia chumba cha pasi na maneno mapya. Alikuwa amesikiliza redio. Maandiko, alisema, hayataji tarehe. Wapo wanaodai kanisa la kale liliipachika juu ya sikukuu ya jua ya Warumi. Wengine husema walihesabu tu miezi tisa tangu malaika ampelekee Mariamu habari. Hakuna mwenye uhakika.

"Sasa dada yangu, ukila Januari unapungukiwa nini?"

Wasimamizi hawa hukumbuka historia siku wanapotaka kukunyang'anya kitu. Mwaka walipofuta chai ya saa nne, waliwahubiria wanawake habari za mababu waliokula mara moja kwa siku.

Wenzake waliinamia mashuka. Mama Pasi miguu ilimwaka moto. Hakuwa na nguvu za kubishana na Warumi.

"Na wewe kesho uko zamu?" akauliza.

Msimamizi akakohoa. Yeye ana watoto, bwana.

"Haya. Kama ni watu walikaa wakachagua siku, na mimi nimechagua." Akazima pasi, akatundika aproni.

Kesho yake asubuhi akabisha kwa mama yake. Bibi alifungua akiwa na gauni la kulalia, akamtazama toka kichwani hadi viatuni, uso ukamshuka.

"Leo? Krismasi yetu si bado, mwanangu? Umefukuzwa?"

"Sijafukuzwa bado, mama. Labda kesho."

Bibi akamwingiza ndani. Akaenda kulitafuta gauni la kijani. Aliporudi amelivaa, binti alikuwa ameshalala kitini, mdomo wazi. Akamvua viatu taratibu, kisha akaenda kuinjika chungu.