Leso ya Mama Queen

Neno lililotaka kuvunja nyumba ya Eliudi lilitokea chini ya basi. Tobias, fundi wa breki, alikuwa amelala chali humo, miguu nje, na mtu aliyelala chini ya basi husema mengi kwa sababu haoni uso wa anayemwambia.

"Baba Queen," alisema, "yule mwalimu Jelani, Mmarekani wetu wa Kiswahili, wamjua?"

"Namjua. Si ndiye anayemfundisha mke wangu maigizo."

"Basi juzi gari lake lagoma kuwaka, akanipigia, nikaenda kwake kule Columbia Heights. Nilipomaliza nikaingia ndani kunawa mikono. Leso ya mkeo nikaiona mle."

Eliudi alikuwa na chai mdomoni. Hakuimeza wala hakuitema.

"Leso gani?"

"Leso ya mkeo. Nyeupe, maua mekundu pembezoni, na maneno. Maneno sikuyasoma, si yangu. Imekunjwa vizuri, kando ya mto."

"Mto gani?"

"Mto wa kulalia, ndugu yangu. Kwani Columbia Heights kuna mto wa maji? Nikamuuliza, hii mbona kama naijua? Akanambia ni ya Mama Queen, ameniachia." Spana ililia mara mbili. "Mimi sisemi kitu. Nimeona tu. Hebu nipe hilo taulo."

Eliudi alimpa taulo, akaenda kuendesha basi lake la kaunti. Siku hiyo alipitiliza vituo viwili, na abiria walivuta kamba ya kengele mpaka mikono ikawauma.

Leso hiyo aliijua kuliko alivyoijua leseni yake ya udereva. Mama yake aliidarizi kwa mkono kule Kongwa: kitambaa cheupe, maua mekundu kwenye pembe nne, na katikati neno moja, "Nitunze". Siku ya harusi mama alimwekea Rosemary kiganjani mbele ya watu wote, akasema, "Mkikosana, mfute mwenzio machozi kwa hii. Usimfutie mtu mwingine." Watu walicheka. Mama hakucheka. Sasa ana miaka tisa udongoni, na mtu akishazikwa maneno yake yanaongezeka uzito.

Jioni aliingia nyumbani kwao Takoma Park, huko huko Marekani, akamkuta Rosemary jikoni anasonga ugali huku midomo inamchezacheza. Alikuwa anakariri.

"Leo nimekufa mara tatu, Baba Queen," alisema bila kugeuka. "Mwalimu anasema bado nakufa vibaya. Napumua sana."

Tamthilia yenyewe ilikuwa ya kale, ya Waingereza, na Jelani alikuwa ameigeuza Kiswahili kwa ajili ya kikundi chao cha pale kanisani. Jemadari mmoja mweusi anaoa binti wa Kizungu, halafu mtu anamnong'oneza, naye anamuua mkewe kwa habari ya kuambiwa. Rosemary, ambaye kutwa nzima huogesha wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, alikuwa amepewa kuwa huyo mke.

"Unajua mwalimu katuambia nini leo? Ilipoandikwa, miaka mia nne na ushee, malkia wao mzee alikuwa ametoka tu kufa, mfalme mpya ndiyo kwanza anakaa kitini. London Waafrika walikuwepo, lakini wachache, watu wanawatolea macho. Basi jemadari mweusi akaigizwa na Mzungu aliyejipaka masizi, na mke wake akaigizwa na mvulana aliyevalishwa gauni, maana mwanamke kupanda jukwaani ilikuwa mwiko. Miaka mia nne wanangoja mwanamke, wanakuja kumpata mwenye presha na magoti mabovu." Alicheka peke yake. "Mbona husemi?"

"Ile leso ya mama iko wapi?"

Mwiko ulisimama. Ulisimama kidogo tu, lakini Eliudi ni dereva, na dereva huona kitu kidogo kilichosimama.

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Ipo, Baba Queen. Kwani una mafua?"

"Nataka kuiona."

"Miaka ishirini na sita hujataka kuiona, leo ndiyo umeikumbuka? Nawa mikono, ugali unapoa."

Hakumtazama machoni. Eliudi alikula matonge saba akiyahesabu, akasema ameshiba.

Kesho yake Rosemary alipokwenda kazini, alipekua. Alianza na Biblia, ambamo leso ilikuwa ikikaa tangu zamani, akakuta risiti ya viatu na ua lililokauka. Akapekua droo, mabegi, mifuko ya makoti ya baridi. Alimpigia binti yao Queen chuoni, akamuuliza kama aliwahi kuiona leso ya bibi. Queen alimjibu kwa Kiingereza kwamba yuko darasani na kwamba karatasi za kufutia pua zinauzwa kila duka. Alipekua mpaka ndani ya gunia la mchele, akapata mchele.

Basi akaanza kuhesabu mambo. Jumanne Rosemary alirudi amechelewa. Alhamisi alipaka mafuta yenye harufu. Jina la Jelani lilikuwa likitajwa mezani mara nne, mara tano, na kila likitajwa mke wake anakuwa mchangamfu. Mambo hayo yote yalikuwepo tangu mazoezi yaanze mwezi wa pili na hayakuwa na dosari. Lakini wivu ni kama miwani ya kuazima: hukuonyesha vitu vyote, ila vikubwa kuliko vilivyo.

Jioni alimtegea tena. "Leso umeiona?"

"Nitakutafutia," Rosemary alisema, na sauti ilikuwa ndogo, ya mtoto aliyevunja sahani.

Hapo Eliudi akawa ameshahukumu. Ijumaa mchana alikaa ndani ya basi tupu pale mwisho wa njia, akampigia Lusekelo, kaka mkubwa wa Rosemary, anayekaa Upper Marlboro. Lusekelo ndiye aliyesimama badala ya baba yao siku ya mahari, na ni mtu wa kupima maneno.

"Shemeji, shikamoo. Kesho saa kumi jioni njoo kanisani Takoma, ule ukumbi wa chini. Namrudisha dada yako."

"Marahaba. Unamrudisha kutoka wapi?"

"Namrudisha kwenu, shemeji. Kwa mwenyewe."

Upande wa pili Lusekelo alisikika akizima redio.

"Hilo neno," Lusekelo alisema, "ukilitoa, halirudi mfukoni. Unalijua?"

"Nalijua."

"Una shahidi?"

"Ninaye."

"Nitakuja," alisema Lusekelo, akakata.

Shahidi mwenyewe alikuwa hajaambiwa. Jumamosi Eliudi alimpitia Tobias kwake akamwambia apande gari. Walipofika taa za pili ndipo Tobias akauliza wanakwenda wapi.

"Kwa Jelani, kanisani kwenye mazoezi. Utasema ulichokiona."

"Niliona nini mimi?"

"Leso ya mke wangu. Kando ya mto."

Tobias alimtazama, akauona mkono ulivyoukaba usukani. "Ndugu yangu, pole pole. Niliona tu. Kuona si kesi."

"Utasema hivyo hivyo ulivyoniambia. Usipunguze, usiongeze."

"Na akikataa?"

Eliudi aliongeza mwendo. Nyuma ya kiti chake kulikuwa na rungu la chuma la kufungulia matairi, na Tobias, ambaye ni fundi, alijua gari lile halikuwa na pancha. Akaanza kukohoa kikohozi ambacho hakuwa nacho asubuhi.

Ukumbi ulikuwa chini ya ngazi. Eliudi alishuka mbele, rungu limelala kwenye mkono wa koti. Taa zilikuwa zimezimwa isipokuwa ile ya jukwaani, na watu kama tisa walikaa kwenye viti vya kukunja, kimya. Mbele, meza tatu zilikuwa zimeunganishwa zikawa kitanda. Juu yake amelala Rosemary, amefunikwa mpaka shingoni, macho yamefungwa. Na Jelani alikuwa amepiga magoti kitandani, goti moja huku na jingine kule, mto mikononi, uso wake karibu na uso wa mke wa mtu.

"Nimekupenda," Jelani alikuwa akisema kwa sauti ya kutetemeka, "na sasa lala."

Kiti kilianguka. Kikaanguka cha pili. Eliudi alikuwa anapita katikati ya watu kama basi lililokatika breki.

"Shuka," alisema. "Shuka juu ya mke wangu."

Jelani aligeuka. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye adabu za mtu aliyejifunza adabu kwa kitabu. "Karibu, mzee wangu. Shikamoo. Tuko katika onyesho la mwisho, lakini—"

"Nimekuja kuchukua leso ya mke wangu."

"Leso?"

"Leso. Usijifanye Kiswahili hukijui, unawafundisha watu. Nipe leso aliyokuachia." Mkono wa koti ulishuka, na chuma kikaonekana. Mama mmoja wa kiti cha nyuma akasema, "Bwana Yesu," taratibu, kama anayemsalimia mtu.

Jelani alikitazama chuma. Alishuka mezani polepole, mto bado mkononi. Kisha akashika kile kilichomfunika Rosemary, akakivuta chote kuanzia shingoni hadi miguuni, akakikunja mara mbili, akakitoa kwa mikono miwili kama ilivyo heshima.

"Hii hapa, mzee wangu. Nilikuwa naitunza vizuri. Samahani kama haikuwa na ruhusa yako."

Ilikuwa nyeupe. Ilikuwa na maua mekundu pembezoni. Ilikuwa na maneno. Na upana wake ungemfunika ng'ombe.

"Nimesema leso," Eliudi alisema.

"Naam. Leso."

"Hiyo ni kanga."

"Kanga, leso, ni kitu kimoja. Nimesoma Mombasa mwaka mzima, mwenye nyumba wangu alikuwa na leso arobaini."

Eliudi alimgeukia Tobias, ambaye alikuwa amebaki kwenye ngazi ya mwisho, mguu mmoja tayari kupanda.

"Uliona nini kwa huyu?"

"Hiyo hiyo," Tobias alisema. "Leso. Mie mtu wa Likoni, nitaiitaje? Mama yangu alinibebea leso."

"Na ya kufutia pua?"

"Ile ya kupengea kamasi? Ile hanchifu." Kisha likamwingia, akashika kichwa. "Lo. Baba Queen. Wewe ulidhani hanchifu?"

"Na mto? Kwa nini kando ya mto?"

"Nina chumba kimoja," Jelani alisema. "Kitanda kiko jikoni. Vifaa vyote vya mchezo viko kando ya mto. Na pipa liko kando ya mto."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaona anacheka peke yake, akaacha. Rungu lilikuwa zito ghafla, Eliudi hakujua aliweke wapi. Ndipo Rosemary, aliyekuwa bado amelala pale pale macho yamefungwa kama alivyofundishwa, akainuka akakaa.

"Na hicho chuma," aliuliza, "kilikuwa cha nani? Cha kwake au cha kwangu?"

Eliudi alilificha rungu nyuma ya mgongo.

"Leso ya mama yako niliiunguza kwa pasi," Rosemary alisema. "Mwaka ule Queen alipopata kipaimara. Nilitaka kuinyoosha ipendeze, simu ikalia. Ikatoboka pale penye neno. Miaka sita nakuficha, kwa sababu nilijua utalia, na sikutaka kukuona ukilia kwa mkono wangu. Nilidhani ndiyo unayoiulizia. Kumbe ulikuwa unaniulizia mwanamume."

"Mama Queen—"

"Subiri. Yule si kaka?"

Lusekelo alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alikuwa amefika saa kumi kamili, naye alikuwa ameyaona yote. Alisogea mbele bila haraka, akamwamkia kila mtu, akalichukua lile rungu mkononi mwa Eliudi kama anayepokea mzigo wa mgeni, akalilaza juu ya kiti.

"Shemeji," Eliudi alisema, "nilikosea. Neno lilikuwa leso, ile ya Mombasa. Lile jambo nililokwambia jana, nalifuta."

"Jana nilikuuliza kama unalijua neno hilo. Ukasema unalijua."

"Nilikuwa na hasira."

"Naelewa. Lakini umeniita kupokea dada. Kaka akiitwa kupokea dada haondoki mikono mitupu, hata kama waliomwita wamekosea namba." Akamgeukia Rosemary. "Unasemaje, mwanangu?"

Eliudi alimtazama mke wake vile ambavyo hakuwa amemtazama siku nyingi. Aliona vumbi la meza kwenye nywele zake.

"Amenirudisha mbele ya watu," Rosemary alisema. "Basi nimerudi. Akinitaka, anajua nilivyochukuliwa mara ya kwanza. Atume mshenga."

"Mimi naweza—" Tobias alianza.

"Wewe nyamaza," walisema watu watatu kwa pamoja.

Rosemary alishuka mezani akavaa viatu. Jelani, masikini, bado alikuwa na kanga mikononi. "Lakini mama, mchezo wenyewe ni Jumamosi ijayo."

"Nitakuja, mwalimu. Kufa nimeshajifunza."

Walipanda ngazi, ndugu wawili, na Eliudi nyuma yao hatua tatu, kama msindikizaji. Nje jua lilikuwa bado lipo na watu walikuwa wanatoka stesheni ya treni na mikoba yao. Lusekelo alimfungulia dada yake mlango. Eliudi aliinama dirishani.

"Nitume nani?" aliuliza. "Hapa wazee wetu ni wachache."

"Tafuta," Lusekelo alisema akiwasha gari. "Mtu mzima, mwenye ndoa yake, anayesikia vizuri. Mkija mkaanza kujieleza, tutawasikiliza. Siwaahidi zaidi ya hapo."

Rosemary alikuwa anatazama mbele. Gari lilipoanza kusogea aliteremsha kioo nusu.

"Maharage yako kwenye friji, chombo cha bluu," alisema. "Na ufunguo wa sanduku la barua uko juu ya kabati, maana najua hata huo hujui ulipo."

Kisha akapandisha kioo. Eliudi alisimama pembeni mwa barabara mpaka gari likakata kona. Halafu akatoa simu, akaanza kupitia majina, moja moja, akitafuta mtu anayesikia vizuri.