Picha Iliyotikisika

Walinipa usimamizi wa kundi letu la wapiga picha kwa sababu mbili: nina nafasi, na sijui kugombana. Nilishona nguo za watu miaka thelathini na minane. Wakasema mtu aliyezoea kufumua mshono wa mwenzake bila kumtukana ndiye atakayewaweza watu mia tatu wenye kamera na midomo. Wasimamizi wenzangu walikuwa wawili. Dereva anaendesha lori, na hupiga picha za barabara na mawingu. Mkutubi anafanya kazi maktaba na hupiga picha za wadudu; ndiye aliyeandika kanuni. Hakuna anayelipwa. Ni kundi la mtandaoni la kujifurahisha tu.

Kazi yangu ilikuwa ya asubuhi. Nikishakunywa chai, nakaa dirishani na simu aliyoninunulia mkwe wangu, natazama picha zilizoletwa kabla hazijaonekana na wote. Iliyo safi naipitisha, yenye matusi naizuia.

Fundi Saa alijiunga mwaka jana. Alikuwa fundi saa kweli, na chini ya picha zake hakuandika kitu ila wakati: "Saa nne na dakika kumi." "Saa tisa kasoro robo." Zote zilikuwa za mkewe. Mkewe amesimama dirishani. Mkewe anakikagua kijiko kama kitu kilichookotwa njiani. Mkewe amevaa koti la mumewe, kifungo cha juu kimeingia tundu la chini. Ilituchukua wiki kadhaa kuelewa kwamba yule mama alikuwa anasahau, kwanza vitu, kisha vyumba, mwishowe watu. Fundi hakutuambia. Tuliona wenyewe.

Watu walimpenda. Hata yule tuliyemwita Bwana Lenzi, ambaye hakuna picha isiyo na kasoro machoni pake, alikuwa anapunguza ukali akifika kwa Fundi.

Kisha ikaja picha ya mkewe amekaa sakafuni bafuni, nguo zimelowa mwilini, analia. Nilisita, nikaipitisha. Mchana ule ule nikapata ujumbe wa binti yao.

"Bibi, shikamoo. Mimi ni mtoto wa huyo mama mnayemtazama. Alifundisha shule miaka thelathini, na wanafunzi wake wengine wamo humo kundini. Hakuwahi kukubali mtu amwone akilia, hata sisi wanawe. Nimemwomba baba aache, anasema ndiyo namna yake ya kupumua. Sawa, apumue. Lakini mama naye nani anamsemea? Naomba mziondoe zote."

Niliusoma mara tatu, nikawapelekea wenzangu.

"Tusipoonyesha haya tuonyeshe nini, maua?" Dereva akaandika. "Mzee wa watu ana haki ya kusema maisha yake."

"Maisha ni yake," Mkutubi akajibu. "Sura je, ni ya nani?"

"Kwani wale panzi wako walikupa ruhusa kwa maandishi?"

"Panzi hawana watoto wa kuniandikia nikome, Dereva."

Nilicheka peke yangu, halafu nikaona vibaya kucheka. Kanuni ya nne inasema anayepigwa picha awe ameridhia. Yule mama hakuweza tena kuridhia wala kukataa. Nilimfikiria kutwa nzima, mwalimu wa watu amekaa kwenye maji mbele ya watu mia tatu, nikaamua kwa ajili yake. Mpaka leo sijui kama hapo nilikosea. Najua nilipokosea baadaye.

Simu ilinipa vitufe viwili, "ficha" na "futa kabisa". Nikaona kuficha ni kama kufagia taka chini ya mkeka. Nikabonyeza futa kabisa, mara arobaini na moja. Kisha nikamtumia Fundi ujumbe ule ule tunaomtumia kila mtu: "Picha zako zimeondolewa kwa kukiuka kanuni ya nne. Asante kwa kuelewa." Sikumpigia. Namba yake nilikuwa nayo. Niliona haya, na haya hiyo nikaiita utaratibu.

Akajibu neno moja: "Sawa."

Siku kumi na mbili zilipita, akaniandikia tena.

"Dada, mke wangu amefariki Jumapili. Naomba unifungulie zile picha nizichukue. Simu yangu hujaa upesi, kwa hiyo nikishaiweka picha kundini nilikuwa naifuta kwangu. Nilijua kwenu ziko salama."

Simu niliiweka mezani, nikaiokota, nikaiweka tena. Mkutubi aliwaandikia wenye mtandao siku hiyo hiyo. Wakamjibu kwa adabu kwamba kilichofutwa kabisa hakirudi.

Nikaandika kundini yote niliyoyafanya, bila kujipunguzia, nikauliza kama kuna aliyejiwekea hata moja. Nilingoja matusi. Badala yake Dereva aliegesha lori kando ya barabara, akachambua simu yake saa nzima, akapata tatu. Mama mmoja ambaye hajawahi kuandika neno kundini alileta mbili. Bwana Lenzi alikuwa amejiwekea nne. "Nilikuwa najifunza mwanga wake," akasema, nami sikuwahi kumsikia akikiri kujifunza kitu kwa mtu. Mkutubi, aliyetaka ziondolewe, alizipeleka zote tisa studio zikasafishwe kwenye karatasi nzuri.

Nilizitia kwenye bahasha, nikaenda kwa miguu. Nyumba ya Fundi iko nyuma ya kibanda chake cha saa, mitaa mitatu tu kutoka kwangu. Binti alifungua mlango.

"Shikamoo. Wewe ndiye Bibi wa kundi?"

"Marahaba. Ndiye mimi, mwanangu. Poleni sana."

Hakunipisha mara moja. "Mimi nilikuomba uziondoe picha machoni pa watu," akasema polepole. "Sikukuomba uziue."

"Najua. Kosa ni langu, si lako."

Akanitazama miguu, viatu vyangu vilikuwa na vumbi. Akanipokea mkoba, akaniletea kiti chenye mgongo, yeye akakaa kwenye kindoo kilichofunikwa ubao.

Fundi alizipanga picha mezani moja moja, kama anavyopanga vidude vya saa iliyofunguliwa. Mbili zilimfanya atabasamu. Alipofika ya tisa akaichungulia bahasha ndani, akaitingisha.

"Ya saa tano na dakika tano haimo?"

"Ni ipi hiyo, Fundi?"

"Siku aliyoniita. Miezi saba alikuwa ananiita mteja, ananiuliza nimekuja kuchukua saa ya nani. Mimi namjibu, nimekuja kuchukua yangu." Akacheka kidogo. "Asubuhi ile naingia na chai, akanitazama, akasema, 'Umechelewa, mume wangu.' Nikapiga picha. Mikono ikanitetemeka."

Niliikumbuka. Ilikuwa imetikisika, uso wa mama umeyeyuka kama unaonekana kupitia kioo cha mvua. Bwana Lenzi aliandika chini yake, "Mzee, nunua stendi ya kamera, au azima mikono ya jirani," na watu wakacheka, na Fundi akacheka nao. Hakutuambia ni nini tulichokuwa tunakitazama. Watu hujiwekea picha nzuri. Nani atajiwekea iliyotikisika?

"Hiyo haikupatikana," nikasema. "Wala haitapatikana. Nisamehe."

Hakusema amenisamehe, na sikutaka aseme upesi. Binti ndiye aliyeongea.

"Baba, hukuniambia kama alikuita."

"Ungeniuliza kama na wewe alikutaja."

"Alinitaja?"

"Hapana, mama."

Binti akaangalia chini. Baba yake akamwekea mkono begani, akauacha hapo, kisha akanigeukia mimi.

"Dada, wewe uliiona. Hebu nisimulie."

"Alikuwa kitandani," nikaanza. "Ameegemea mito miwili. Shuka ya mistari. Pazia limefunguliwa nusu, mwanga unamjia ubavuni. Na ameinua mkono mmoja, kama mtu anayetaka kupokea kikombe."

"Mkono upi?"

Nikafumba macho. Nikaiona shuka, nikaiona mito. Mkono ukawa unakuja na kupotea.

"Sijui, Fundi. Niliitazama upesi. Asubuhi ile zilikuja picha nyingi."

Nilidhani atakasirika, na ingekuwa haki yake.

"Hata mimi sijui," akasema. "Nilikuwa natazama simu."

Kisha binti akainuka, akaingia chumbani, akauacha mlango wazi, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama yake. Akainua mkono wa kulia, akamtazama baba yake. Baba akamwangalia kwa muda mrefu, akatikisa kichwa. Binti akaushusha, akainua wa kushoto.

Baba akatikisa kichwa tena.