Dirisha la Tatu Kutoka Juu

Kiapo cha Mwidani kilitaja kuvuka. Kutazama hakikukutaja, na Mwanatabu alishika hapo hapo, maana hakuwa na pengine pa kushika.

Kilikuja hivi. Ishaka, mtoto wao wa pekee, alikuwa amwoe binti wa ami yake. Mbuzi wamefungwa uani, mchele umeshachaguliwa, wageni wa Mtongwe na Ngombeni wamejaa barazani, na asubuhi ya nikaha bwana harusi hayuko. Kapanda kivuko cha alfajiri kwenda mjini, kamwachia mamake neno moja tu, kwamba hamtaki. Haya, mwambie sasa mtu kama Mwidani, ambaye Likoni nzima ikimjua kwa kutovunja neno lake, asimame mbele ya ndugu yake awaambie wageni wale pilau warudi makwao. Alisimama, akawaambia. Walipokwisha kuondoka alimwita mkewe uani, akasema polepole, na ule upole ulikuwa mbaya kuliko kelele:

"Mwanatabu, siku utakayovuka maji kumfuata mwanao, siku hiyo wewe si mke wangu. Wallahi."

Wazee husema mwana akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Mwidani alikata, na aliyetokwa na damu ni mkewe.

Miezi mitatu baadaye alikuja Odhiambo, msukuma mkokoteni wa soko la Kongowea, aliyepanga chumba kimoja na Ishaka. Alijitia anauza vitunguu mpaka alipomkuta Mwanatabu peke yake.

"Shikamoo, mama. Ishaka anakusalimia. Amepata kazi ya kufagia pale Marijani, ghorofa ya kumi na nne. Amesema uhesabu madirisha kutoka juu, la tatu, lile la mwisho upande wa bahari. Kila magharibi atawasha taa mpaka isha. Ikiwaka, ujue yeye ni mzima. Ikizima, ujue ana shida, utafute njia."

Nani asiyeijua Marijani? Ghorofa kumi na sita, jumba la kwenye kalenda, wageni wa bara wakifika tu wanapigwa picha mbele yake. Kutoka mwisho wa shamba la Mwidani, pale minazi inapokoma juu ya maji, ilisimama ng'ambo waziwazi. Mwanatabu alikuwa akimaliza kuswali magharibi, anatoka, anahesabu. Moja, mbili, tatu, mwisho. Inawaka. Anasema alhamdulillahi, anarudi kumtilia mumewe chai. Mara moja tu, wakati wa masika, dirisha lilikaa giza siku mbili, naye siku mbili hakuweza kumeza kitu. Siku ya tatu likawaka, na baadaye Odhiambo akaja kusema ilikuwa malaria. Tangu hapo Mwanatabu aliliamini dirisha lile kuliko alivyoamini barua.

Mwaka wa tisini na nane, Ramadhani iliangukia wiki ya Krismasi. Wenye Marijani nao, sijui nani aliwatia wazo hilo, wakaamua kuligeuza jumba zima kuwa mti wa Krismasi. Walibandika karatasi za kijani madirishani kote, wakateremsha nyaya za taa nyekundu kutoka juu mpaka chini, na darini wakasimamisha nyota kubwa kama chumba. Waliuwasha tarehe kumi na nane. Likoni ilishuka pwani, Muislamu na Mkristo, na wauza viazi karai na kachiri wakafanya biashara ambayo hawajapata kuifanya. Lilipendeza, kusema kweli. Aliyesema halikupendeza alikuwa na husuda tu.

Mwanatabu alihesabu. La tatu, mwisho. Lilikuwa linawaka, kijani kama mengine yote. Akajiuliza: sasa nitajuaje? Alisimama hata watu wakaanza kurudi majumbani. Kisha akajiambia, ghorofa ile mwenye kuifagia ni Ishaka, na taa ikiwaka imewaka. Alitaka kuamini, akaamini.

Siku ya tano ya mfungo walifuturu huko huko mwisho wa shamba, kwenye mkeka. Mwidani alikunywa uji, akatazama ng'ambo.

"Mwanao mwaka huu kawasha zote," akasema.

Mwanatabu akakiweka chini kikombe, asikimwage.

"Wanidhani mimi kipofu? Yule muuza vitunguu wako nilimbana, akanieleza. Magharibi ikiingia watoka mbio kumshinda mwadhini." Akala tende. "Idi nitavuka mwenyewe nikamchukue. Nilikuapia wewe, sikujiapia mimi."

Mwaka na nusu Mwanatabu alikuwa akiliomba neno hilo kwa Mungu. "Nenda kesho, Baba Ishaka."

"Kesho ya nini nawe? Mtu na mwanawe hupatana siku ya Idi. Nimvike kanzu mpya, tukae sahani moja, na ami yake aone. Ana nini? Taa si ile yawaka?"

Mwanatabu alitazama ule ukijani wote, akasema kweli, yawaka. Neno hilo alilisema kwa kinywa chake, na hakuna aliyemlazimisha. Kesho yake Mwidani alipeleka kitambaa kwa fundi, akapimwa mabega yeye, maana Ishaka alikuwa amerithi mabega yake.

Januari, tarehe saba, walibandua karatasi. Magharibi ilipoingia madirisha machache ya Marijani yaliwaka, hapa na pale, kama kawaida yake. La tatu mwisho halikuwaka. Siku ya pili halikuwaka. Siku ya tatu, walipokuwa wakila daku, Mwanatabu alimwambia mumewe avuke leo.

"Ni homa, kama ile ya masika," Mwidani akasema. "Zimebaki siku tisa. Nimesema Idi, ni Idi."

Neno lake tena. Mwidani alipokwenda kuswali alfajiri na kukaa msikitini kusoma Kurani, Mwanatabu alivaa buibui lake, akafunga mlango, akashuka kivukoni. Alijua anachokiacha. Alikivuka kiapo pamoja na maji.

Mlangoni mwa Marijani alikuwapo bawabu wa makamo, jina lake Musyoka, mtu wa Machakos. Mwanatabu alimwuliza mfagiaji wa ghorofa ya kumi na nne.

"Ishaka?" Musyoka akamtazama. "Mama, wewe ni nani wake?"

"Mamake."

Musyoka alivua kofia yake, akamtolea kiti chake mwenyewe. Mwanatabu hakukaa.

"Tulikutafuta, mama. Kwenye karatasi ya kazi aliandika Kongowea tu, na yule walikuwa wanakaa pamoja alikuwa amekwenda kwao Siaya, Krismasi. Malaria ilipanda kichwani. Nilimkuta kwenye ngazi tarehe kumi na nane, jioni ile ya kuwasha mti. Alikufa hospitalini usiku wa kuamkia ishirini. Watu wa msikiti wa hapo nyuma wakamwosha, wakamzika vizuri. Nitakuonyesha."

"Mbona taa iliwaka?" Mwanatabu akauliza. "Iliwaka wiki tatu nzima. Nimeiona."

"Zote ziliwekwa kwa swichi moja, mama. Iko hapa chini. Nilikuwa naiwasha mimi."

Akaizungusha kofia mikononi. Ni mtu mwema, Musyoka, na wema wake ndio uliomfanya aendelee.

"Kuna kitu aliniomba pale ngazini. Alisema nizime taa moja, niitoe hata balbu, ile ya mwisho kwenye ghorofa yake. Alisema nikiizima, mamangu atakuja. Nilidhani ni homa inaongea. Lakini alirudia, alinishika suruali, nikaenda kumwambia msimamizi. Msimamizi akasema wageni wameshafika, mti hauwezi kuwa na pengo."

Mwanatabu ndipo alipokaa. Siku mbili mwanawe alikuwa hai akimwita, na siku mbili hizo yeye alisimama mwisho wa shamba, akahesabu mpaka tatu, akamshukuru Mungu.

Alikwenda kaburini, akasoma alichoweza kusoma. Alasiri alipanda kivuko kurudi.

Upande wa Likoni, watu waliposhuka, Mwidani alikuwa amesimama juani. Alikuwa ametoka kwa fundi. Kwapani alibana kanzu iliyofungwa kwa gazeti. Aliuangalia uso wa mkewe, akatazama nyuma yake kama kuna mtu anayemfuata.

"Mama Ishaka," akasema.

"Nimevuka, Mwidani."

Tangu Ishaka azaliwe, miaka ishirini na minne, hakuwa amemwita mumewe kwa jina hata siku moja. Lile gazeti lilimponyoka Mwidani, naye hakuinama kuliokota. Mwanatabu alimpita, akashika njia ya Mtongwe, kwa kaka yake.