Ajira ya Kudumu

Wanaume wanne walikuwa ndani ya kaburi, na shangazi yangu akaamuru wapewe ngatu ya bibi, ile nguo yetu ya urithi. Waliipokea ikiwa imekunjwa, nene kama godoro, na binamu yangu Tevita aliyumba kwa uzito wake mpaka tope likamwingia kiatuni. Mimi nilisimama nyuma ya watu wote, nimefungwa mkeka mkuukuu uliochanika, unaonifika masikioni, nywele zimenimwagikia usoni. Kwetu Watonga wa visiwani, mtoto kwenye msiba wa baba yake ni mtu wa mwisho kabisa. Mahali pake ni jikoni. Hamkaribii maiti, hapangi chochote, haulizwi. Anayepanga ni shangazi, dada yake marehemu, na shangazi alikuwa amepanga ngatu ile ilale chini ya jeneza, mchana kweupe, kwenye makaburi ya Mangere, mbali na visiwa vyetu, huku kwaya ikiimba.

Ng'ambo ya kaburi alisimama bosi wangu, Robyn, amevaa gauni jeusi lililomkaa vibaya. Alikuwa ananitafuta. Aliponiona akatazama ile ngatu, akanitazama mimi, nyusi juu, kama anayesema: mbona hufanyi kitu? Niliinamisha kichwa. Jeneza likashuka, koleo zikaanza kazi, na mimi nikalia kwa sauti kubwa kuliko ndugu zangu wote. Watu wakasema yule binti alimpenda sana baba yake. Nilimpenda, ndiyo. Lakini wakati ule sikuwa namlilia yeye.

Nilikuwa nimesoma historia ya sanaa. Baba aliwaambia watu wa kanisani kwamba nasoma sheria, kwa hiyo kila Jumapili mzee mmoja wa Otara alinivuta kando kuniuliza habari za viza. Ukweli ulipofichuka, Shangazi Fane alipiga simu kutoka Nuku'alofa, huko kwetu visiwani, akicheka mpaka anakohoa.

"Kwa hiyo unasomea kutazama picha?"

"Si kutazama tu, Shangazi."

"Nguruwe wangu wanatazama siku nzima, na hakuna aliyewapa cheti."

Chuoni tulikuwa na mshauri wa ajira, mwanamke mchangamfu mwenye hereni za manyoya ya ndege. Alituambia milango iko wazi: majumba ya makumbusho, nyumba za mnada, magazeti, ualimu, ukarabati wa michoro ya kale. Tulimwamini kwa sababu tulitaka kumwamini. Katika darasa letu Hana alifungua kibanda cha kahawa, Piripi akaenda kufundisha watoto wanaochora kuta kwa kalamu za nta, na msichana mmoja ambaye baba yake alikuwa na nyumba ya mnada akapata kazi kwenye nyumba ya mnada. Mimi siku hizi nafunga trei za chakula cha abiria pale uwanja wa ndege. Nazipanga vizuri mno, msimamizi wangu anasema, na rangi za mboga hazigongani.

Lakini kwa muda nilikuwa ndani. Nilikuwa na kazi ya mkataba kwenye jumba la makumbusho, mkataba mfupi, ukiisha unaongezwa kidogo, tena kidogo, kama mgonjwa anayenyweshwa uji kwa kijiko. Nilivaa glavu, nikapangusa vumbi kwenye mikeka na marungu ya mababu wa watu. Niliipenda kazi ile. Nilikuwa nafungua droo asubuhi na kuvisalimia vitu vya Kitonga kwa lugha yetu, kimyakimya, nikihofia kuonekana mwendawazimu.

Kisha ikatangazwa nafasi ya kudumu, mtunzaji wa vitu vya visiwani. Robyn aliniita ofisini kwake, akafunga mlango.

"Bodi inataka mtu mwenye mizizi kwenye jamii," alisema. "Wewe unayo. Tatizo wanataka waione kwa macho. Ile ngatu ya familia yenu, uliyonionyesha kona yake kwenye simu. Rangi ile hakuna tena anayeitengeneza. Ukija nayo, Kalolaine, sidhani kama kuna atakayeuliza swali."

Ngatu, kwa asiyejua, ni nguo ya gome la mti. Wanawake hukaa mstari mmoja wakiliponda gome kwa nyundo za mbao, wakaunga kipande kwa kipande, wakapaka rangi za kahawia na nyeusi. Ile yetu ilipondwa na bibi na wanawake wa kijiji chake huko Ha'apai. Ilikuwa ndefu kuliko nyumba tuliyopanga.

Baba alikuwa tayari hospitalini, mapafu yamechoka baada ya maisha mazima kwenye baridi ya kiwanda cha nyama. Nilimweleza bila kumwomba kitu. Alifumba macho kwa muda mrefu, nikadhani amelala.

"Mpe huyo mama," akasema. "Mpe, upate kazi. Mimi nimechoka kuwaambia watu wewe ni wakili."

"Na Shangazi Fane?"

"Niletee simu."

Nilimshikia simu sikioni kwa sababu mkono wake ulikuwa na sindano. Pumzi ilikuwa kidogo, akawa anaitumia kwa ubahili. "Fane. Ile ngatu ya mama nampa Kalo. Aipeleke kazini kwao. Basi, nimekuambia."

Kimya kidogo upande wa pili. Kisha nikasikia sauti ya shangazi, wazi kabisa: "Haya."

Nilitoka pale nimejaa furaha isiyo na haya, baba yangu yuko kitandani anakufa. Nilimpigia Robyn nikiwa kwenye maegesho. Alipiga kelele kwa furaha, na mimi nikapiga kelele pia, katikati ya magari ya wagonjwa.

Baba alifariki wiki ile ile. Shangazi akateremka kwenye ndege na masanduku yake na mikeka yake, na kuanzia dakika ile nyumba ikawa yake. Mimi nilipelekwa kwenye banda la nyuma kumenya magimbi. Binamu wakinipita na sinia za nyama walinitania, ndiyo desturi, walio juu kwa hadhi huwatania walio chini.

"Mheshimiwa wakili!" Tevita aliita. "Magimbi hayo umeyapa haki ya kujitetea?"

Nilicheka. Nilikuwa na hakika yangu moyoni: wakimaliza kuzika, nitabeba ngatu. Hata walipoitoa chumbani kwa baba na kuiweka chini ya jeneza sikushtuka, nikajua ni heshima ya kumuaga. Nilishtuka kule makaburini, wanaume walipoanza kushuka shimoni bila kuvua makoti, wakanyoosha mikono kuipokea.

Msiba ulipoisha, ilibaki kunyolewa. Ni shangazi anayewakata nywele watoto wa kaka yake. Aliniketisha kwenye kreti la bia pale gereji, akanifunika shuka, akaanza na mkasi wa jikoni. Nywele zangu zilikuwa zimefika kiunoni. Zilianguka kwenye saruji, na mimi nilikuwa nimejiapiza kunyamaza, lakini ulimi ukanitoka.

"Shangazi. Baba alikuambia."

Mkasi ukasimama. "Aliniambia," alisema. "Umesema vizuri. Aliniambia. Tangu tuko watoto kaka yangu hajawahi kuniambia jambo, alikuwa ananiomba. Kitabu cha shule, ruhusa ya kuoa, nauli ya kuja huku, vyote aliniomba, na hakuna siku nilimnyima. Siku ile akaniambia, kama anavyoambiwa karani."

"Alikuwa hana pumzi. Alikuwa anakufa."

"Ndiyo maana nikasema haya."

Niligeuka kumtazama. Alinishika kichwa akakirudisha mbele, si kwa ukali.

"Na wewe ulikuwa hapo, umeshika simu. Nilikuwa nakusikia unavyohema. Nikasema moyoni, mtoto atasema. Shangazi, tafadhali. Maneno mawili tu! Ngatu ningeibeba mwenyewe mgongoni mpaka kwenye hilo jumba lenu, na ningevaa kofia yangu ya kanisani."

"Ungeweza kunikumbusha."

"Niombwe, tena nikumbushe kuombwa?" Sauti yake ilivunjika. "Mimi ndiye niliyebaki, Kalo. Sina kaka mwingine wa kuniomba kitu."

Akaendelea kukata, machozi yakinidondokea shingoni, na mimi nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu. Alipomaliza alinipangusa mabega kwa kiganja chake, taratibu, akaniambia nikaoge.

Niliporudi kazini kila mtu aliongea nami kwa sauti ya chini. Robyn alinikumbatia. "Nywele fupi zimekupendeza," alisema, na kwa kweli alikuwa na nia njema. Kisha akaniambia nafasi imekwenda kwa kijana mmoja kutoka Wellington, mtu mzuri sana, na kwamba mkataba wangu ungeisha pale ulipoandikwa kuisha. Bodi ilitaka kitu cha kushika mkononi. Alisikitika, macho yake yalikuwa mekundu.

"Angalau tuandike maelezo yake," alisema, akavuta karatasi. "Isipotee kabisa. Tuanze na katikati. Katikati kulichorwa nini?"

Nilifungua mdomo. Tasnifu yangu ya mwisho ilihusu ngatu, na ile yetu ilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Nilijua harufu yake ya moshi na majani makavu. Nilijua ile kona, na tarakimu bibi alizoandika kwenye ukingo. Lakini tangu nizaliwe ilikuwa chini ya godoro la baba, imekunjwa, kwa sababu hatukuwahi kuwa na chumba cha kuikunjulia, na wala haikunjuliwi shangazi asipokuwepo. Baba aliilalia maisha yangu yote. Nilikwenda chuo kikuu kujifunza kutazama, na sikuwahi kuiona.

"Siwezi kukuambia," nikasema.

Alishusha kalamu. Kisha akaitikia kwa kichwa polepole, akaifunika, akasema ananielewa, na kwamba anaheshimu siri za watu wetu.